Dirisha Lisilofunguka

Nina ugonjwa ambao najua wengi wenu mnao pia. Usiku, badala ya kulala, natazama watu wakitembea kwenye mitaa ya kale ya Uchina wakiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Sijawahi kufika Uchina. Lakini najua kwamba pale Xi'an ukiupita Mnara wa Ngoma na kuingia mtaa wa Waislamu, utakutana na mkate uliopasuliwa ukajazwa nyama, na mbele kidogo mtu anavuta tambi kwa mikono kama anayekamua nguo. Nimeyatazama haya nikiwa kwenye mathree, nikiwa kitandani, na siku moja, Mungu anisamehe, nikiwa matangani.

Iwe ni video au makala, kazi za aina hii zina umbo moja. Kahawa kwanza: mkahawa mdogo ndani ya nyumba kuukuu, boriti za mbao zinaonekana, kijana mwenye aproni anamimina maziwa yakafanya jani. Kisha uchochoro. Kisha tonge la kwanza, macho yanafumbwa, kichwa kinatikiswa kana kwamba kuna habari za kushangaza zimeingia mdomoni. Baadaye historia, sentensi tatu. Kisha bibi kizee mwenye sufuria, ambaye hatuambiwi jina lake wala amelala saa ngapi. Kisha bei, na mshangao kwamba ni rahisi hivyo. Mwisho jua linatua nyuma ya paa.

Sisemi haya kwa dharau. Zikiwa nzuri, kazi hizi zinafanya jambo ambalo kitabu cha historia hakiwezi. Chukua ule mchuzi wa kondoo wa Xi'an. Unapewa bakuli tupu na mkate mgumu, na kazi ya kuumega ni yako. Unaumega vipande vidogo vidogo, saizi ya punje ya mahindi, unakaa hapo dakika ishirini ukimega, unazungumza na mwenzako, ndipo bakuli linarudishwa jikoni mchuzi umwagwe. Nimeona video moja ambapo mtembezi alifanya haraka akamega vipande vikubwa, na mpishi akamrudishia bakuli. Rudia. Ile sekunde moja ya aibu ilinifunza zaidi kuliko maelezo yote kuhusu Njia ya Hariri. Kwa nini kondoo na si nguruwe, kwa nini ngano na si mchele, kwa nini msikiti wenye paa la Kichina: yote yamo kwenye bakuli, kwa sababu mji huo uliitwa Chang'an, na wasafiri kutoka magharibi walikuwa wakifika hapo na ngamia zao, wengine wakabaki, wakaoa, wakafungua majiko.

Hapo utungo umefaulu. Chakula kimetueleza nani alisimama katika mji huo na kwa nini hakuondoka.

Sasa niseme ukweli wangu. Miaka michache iliyopita niliandika makala ya aina hiyo kuhusu Mtito Andei na Makindu, kule Makueni. Ilitoka mtandaoni, watu wakaipenda, wakaisambaza, mwingine akaniambia imemfanya asikie njaa. Ilianza na mimi nimeshika kikombe cha kahawa ya Mbooni alfajiri, ukungu umetanda kwenye vilima, lori la kwanza likipiga honi.

Ukungu ulikuwepo. Lori lilikuwepo. Kahawa haikuwepo.

Nilikunywa chai ya maziwa na mandazi mawili, shilingi hamsini zote pamoja, kwa sababu hicho ndicho kitu kilichokuwa kinauzwa. Nilipouliza kahawa nililetewa maji moto, sashe moja na kijiko. Lakini makala za mtaa wa kale huanza na kahawa, bwana, kwa hivyo nikaiweka. Sikuona ubaya. Mbooni inalima kahawa, sivyo? Kilungu inalima kahawa. Ningeweza kuwa nimeinywa.

Leo naona kwamba ndani ya uongo huo mdogo ndimo makala ya kweli ilimokuwa imejificha, nami nikaipita. Kahawa iliingia nchini mwishoni mwa karne ya 19, wamisionari wakaipanda Bura kule Taita mwaka 1893. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuilima kwa faida yake mwenyewe. Ruhusa ilianza kutolewa miaka ya 1930, tena kwa maeneo machache, na ni baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954 ndipo wakulima wadogo wa milimani, wa Ukambani wakiwemo, walianza kuipanda kwa wingi. Waliipanda ili iende. Inachumwa, inapelekwa kiwandani, inamenywa, inaoshwa, inakaushwa, inatiwa kwenye magunia na kuondoka. Anayeilima anakunywa chai. Mzee mmoja wa Mbooni niliyekutana naye Wote aliniambia ameichuma tangu akiwa mtoto na hajawahi kuionja ikiwa imekaangwa. Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayekuambia hajawahi kupanda ndege.

Wakati huohuo Starbucks ilifungua duka lake la kwanza Beijing Januari 1999, na leo kijana wa Shanghai anayo kahawa kila kona ya mtaa, ndiyo maana video zote zinaanza nayo. Kikombe kile ni cha kweli kwa maisha yake. Mimi nilikinakili kama mwanafunzi anayenakili mtihani wa jirani hadi na jina la jirani.

Makala ile ilimfikia mama mdogo wangu. Yeye ameolewa Mtito Andei na ameuza chakula hapo tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimemtaja, bila jina, kama bibi mwenye sufuria. Binti yake alimsomea kwenye simu, yote, hadi mwisho. Kisha akanipigia.

"Mwanangu, umeandika vizuri," akasema. "Lakini umeandika harufu tu."

Nilicheka. Nilidhani ananisifu kwa mzunguko. Baada ya kukata simu ndipo nikaanza kukasirika, na baada ya hasira ndipo nikaanza kuelewa, na hiyo hatua ya mwisho ilichukua karibu mwaka mzima. Agosti iliyopita nikaamua kurudi, safari hii bila kamera shingoni, na nianzie Kitui.

Kitui ni mji uliorukwa na reli. Ukitaka kuelewa kwa nini vyakula vya Kitui na vya Makueni vina tabia tofauti, anza hapo. Katikati ya karne ya 19 Kitui ndiko wasafiri walikotokea na kurejea. Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, alikuwa akiongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika kwake mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya kutoka kwenye vilima vya Kitui. Kila makala ya utalii kuhusu Kitui inakuambia habari hiyo ya mlima. Hakuna hata moja niliyoisoma inayouliza: mgeni huyu wa Kivoi, siku zote hizo, alikuwa akilishwa nini, na nani alikuwa akitwanga?

Cha ajabu, habari ya chakula imo ndani ya kisa hichohicho. Mwaka 1851 Krapf alirudi, wakaenda pamoja kuelekea mto Tana, wakavamiwa, Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake kwenye nyika hiyo, akatembea siku kadhaa kwa njaa na kiu, akijaza maji kwenye mtutu wa bunduki na kwenye mfuko wa darubini kwa sababu hakuwa na kibuyu. Mtu mwenye darubini ya kutazama milima na hana chombo cha maji. Sijui kama kuna picha bora ya mwandishi wa safari kuliko hiyo, nami najiweka humo humo.

Reli ilipokuja, ilipita chini, upande wa Makueni. Ilianza Mombasa 1896 na kufika Nairobi 1899, na Kitui ikabaki juu kwenye vilima vyake, kando. Kwa hivyo kibanda cha Kitui mjini hakikupikiwa mpita njia. Kimepikiwa mtu anayerudi kesho.

Nilikijua hilo dakika ya kwanza. Karibu na soko la Kalundu kuna vibanda vya mabati vinavyopika muthokoi. Niliingia kimoja saa tano asubuhi, mama mwenye nyumba akaniangalia.

"Wakya," akasema.

"Aa," nikajibu, maana hilo angalau nilifundishwa na susu.

"Wewe ni wa nani?"

Swali hilo! Sijawahi kulisikia kwenye video hata moja. Mtembezi wa Xi'an haulizwi ni wa nani. Anaulizwa pilipili kiasi gani. Lakini mbele ya sufuria ile sikuweza kupata sahani kabla ya kujieleza, basi nikaanza: mama yangu ametoka Mutomo, baba yake alikuwa fulani, alifanya kazi fulani. Mama akaita mwanamume mmoja aliyekuwa mezani nyuma. Wakashauriana kwa Kikamba cha haraka ambacho kilinipita. Ndani ya dakika tano walikuwa wamenipata: ukoo, kijiji, na mjomba mmoja mwenye deni ambalo halikunihusu lakini nililisikia lote. Kisha sahani ikaja. Bei haikushuka hata shilingi.

Sasa muthokoi. Vijana wa Nairobi tunaufahamu kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni utani: Mkamba na muthokoi wake, ha ha. Ya pili imeingia juzi juzi, ya watu wa afya, wanaoupiga picha kwenye bakuli la udongo na jani la giligilani juu. Zote mbili hazisemi kazi iliyomo. Mahindi makavu yananyunyiziwa maji kidogo, yanatiwa kinuni, yanatwangwa hadi ganda litoke bila punje kuvunjika. Ukitwanga kwa hasira unapata unga. Ukitwanga kwa uvivu ganda linabaki. Yanapepetwa, yanaanikwa, yanawekwa. Baadaye yanachemshwa na kunde, au maharagwe, au mbaazi ikiwa ni msimu wake. Ganda likishatoka mahindi yanaiva kwa kuni chache kuliko isyo, ile githeri yenyewe, na hapo ndipo utaona akili ya nchi kavu: mwanamke anatoa nguvu za mkono leo ili aokoe kuni na maji kesho. Siku hizi kuna mashine ya kukoboa, na yule mama wa Kalundu aliniambia waziwazi kwamba wake ni wa mashine. "Mikono ya kutwanga iko Nairobi inaandika," akasema, na meza nzima ikacheka.

Ulikuwa mtamu? Ulikuwa mzuri, ndiyo. Umelainika lakini punje bado inagoma kidogo chini ya jino, mbaazi zimeyeyuka nusu zikafanya mchuzi, kitunguu kimekaangwa hadi kikawa cha kahawia. Chumvi ilikuwa kidogo mno kwa ladha yangu. Naisema hiyo ya chumvi kwa sababu nimechoka na makala ambazo chakula cha kienyeji hakina kasoro kamwe. Ukisifu kila kitu umekataa kula na watu. Umebaki mgeni mwenye adabu. Wazee wa meza ya nyuma walilalamika kuhusu chumvi hiyohiyo kwa sauti, na mama akawajibu wanunue wenyewe.

Kutoka Kitui nilishuka na barabara mpya ya Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, ile iliyojengwa na Sinohydro, kampuni ya Kichina. Miaka ya nyuma safari hii ilikuwa vumbi na kurushwarushwa. Sasa gari linateleza. Mutomo ya utotoni mwangu tulikuwa tukisimama lazima, kwa sababu mgongo ulikuwa unaomba. Safari hii dereva alipunguza mwendo, abiria mmoja akashuka, tukaendelea. Sikuonja chochote. Siwezi kulalamika, nilifika mapema.

Pale Kibwezi nikageuka upande wa Nairobi kidogo, hadi Makindu, kwa ajili ya hekalu.

Miji hii ya barabara kuu imetoka kwenye reli ile ya kwanza. Sultan Hamud imepewa jina la Sultani Hamoud wa Zanzibar, aliyekuja kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa. Mtu alikuja kuona garimoshi na mji ukabaki na jina lake. Makindu walibaki Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli hiyo. Hekalu lao hapo ni la 1926, na mpaka leo msafiri yeyote akiingia analishwa bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa, unaletewa dengu, chapati, mboga, na chai yenye viungo. Hakuna nyama. Hakuna anayekuuliza dini wala unakwenda wapi. Ukimaliza, unaweza kuacha sadaka, au usiache.

Kwenye makala yangu ya zamani niliandika kwamba chapati za hekalu ni "bora kuliko zote kwenye barabara ya Mombasa". Nikiisoma leo naona haya. Chakula kile hakikuwekwa kushindana na kibanda cha jirani. Kimewekwa kuondoa ule uhusiano wa mnunuzi na muuzaji ambao ndio uti wa mgongo wa utungo wetu wote: nalipa, naonja, natoa hukumu. Pale nilikaa kati ya dereva wa lori aliyekuwa na macho mekundu na familia iliyokuwa ikirudi Nairobi, sote tuna vitambaa vya rangi ya chungwa kichwani tukionekana wajinga sawasawa, nikagundua sina la kuandika kwenye daftari. Chapati ilikuwa chapati. Dereva alikula nne. Aliniambia husimama hapo kila safari, na kwamba siku ambazo hana hela ya barabarani ndiyo siku pekee za wiki anazokula akiwa ameketi.

Wafanyakazi wa reli walikwishahama, lakini jiko limebaki, na sababu ya kupika imebaki ileile.

Mtito Andei nilifika jioni. Kwa Kikamba jina hilo ni msitu wa tai, na ukiona mabasi yanavyoshuka pale kwa kishindo, watu wakatawanyika kutafuta choo na chakula, utafikiri jina lilitolewa baadaye. Uko karibu katikati ya Nairobi na Mombasa, na kwa sababu hiyo kila kitu kimesimama hapo: misafara, garimoshi, malori, mabasi. Na kila kilichosimama kilikula.

Mama mdogo alianza na garimoshi. Lile la zamani, la abiria, lilitoka Nairobi jioni na kupita huku usiku, na likichelewa, na lilikuwa likichelewa kama desturi, lilifika saa zisizo na jina. Wanawake walilisubiri na koroboi na beseni: mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti, mihogo, mahindi, machungwa msimu wake, chai kwenye jagi la plastiki. Daraja la tatu madirisha yalikuwa wazi. Unasimama chini, unainua beseni kichwani, mkono unatoka dirishani, unaweka yai, mkono mwingine unatoka na hela. Sura huioni vizuri. Unajua watu kwa mikono na sauti.

Mwaka 2017 garimoshi hilo la abiria likakoma na likaja la Wachina, Madaraka Express, mwisho wa Mei. Nimelipanda mara nyingi. Ni safi, ni la haraka, linafika saa iliyosemwa, na mtu aliyewahi kulala kwenye lile la zamani akitegemea kufika mazishi Mombasa hawezi kulikosoa kwa moyo mweupe. Lile la moja kwa moja halisimami Mtito Andei. Lile linalosimama kwenye vituo vya kaunti linasimama, lakini ili uingie kituoni unakaguliwa, mbwa ananusa begi, na mwenye beseni hana la kufanya humo. Na madirisha yake hayafunguki. Kuna kiyoyozi.

Nikamwambia mama mdogo jambo nililokuwa nimelifikiria njiani: kwamba kule Uchina kwenyewe watu wanasafiri mbali ili watembee polepole kwenye mitaa ambayo chakula kinauzwa mkono kwa mkono, na sisi kutoka kwao tumeletewa treni inayozipita sehemu zetu za namna hiyo. Nilikiona kama kitu kikali sana cha kusema. Aliendelea kuchambua ndengu.

"Treni si mbaya," akasema. "Dadako anaipanda akienda chuo. Shida si treni."

"Shida ni nini, basi?"

"Wewe ulikuja hapa kwa gari, dirisha lako linafunguka. Uliniuliza nini?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilimuuliza anatumia viungo gani. Nilimuuliza kama anaweza kuinua kifuniko tena, polepole, ili mvuke uonekane. Nilimuuliza bei ingawa nilikuwa naijua.

Akanyamaza, akainuka, akaingia ndani. Alirudi na leso iliyofungwa fundo kwenye ncha. Akalifungua pale mezani, juu ya ungo wa ndengu. Ndani kulikuwa na noti ya hamsini, ya zamani, yenye uso wa Kenyatta, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imekuwa myeupe.

Akanieleza. Garimoshi lilikuwa na desturi ya kuondoka bila kuaga. Mtu amekupa noti, wewe unatafuta chenji, mara linavuta, mkono unaenda mbele, unakimbia nao, wakati mwingine unamfikia, wakati mwingine humfikii. Pesa ile si yako. Unaiweka. Wanawake wa pale walikuwa na sheria hiyo, kila mmoja na fundo lake, na watu walikuwa wakirudi kweli: miezi miwili baadaye mkono unatoka dirishani usiku na sauti inasema, mama, mimi ndiye yule wa mayai matatu. Kulikuwa na fundi wa Voi aliyerudi baada ya karibu mwaka, na chenji yake akalipwa kwa mihogo. Kulikuwa na msichana wa shule aliyekuwa akikopa kila mwanzo wa muhula na kulipa kila mwisho. Alinihesabia wateja saa nzima. Hakuna aliyekuwa na jina kamili: wa mayai matatu, wa Voi, mwenye kikohozi, yule wa kanzu, mtoto wa shule. Lakini alijua kila mmoja alikula nini, na wengi alijua walikuwa wakienda kwa nini.

Noti hii ilikuwa ya mwanamume wa behewa la mwisho. Alinunua chai na mayai mawili, akatoa mia, garimoshi likavuta. Mama mdogo alikimbia hadi jukwaa likaisha.

"Nikasema atapita tena wiki ijayo," akasema. "Hakuna aliyekuja kutuambia kwamba hilo ndilo la mwisho."

Yote haya yalikuwa kwenye leso yake siku ile ya kwanza, nilipokuwa nimekaa mita moja kutoka kwake nikitafuta neno la Kiswahili la namna mvuke unavyojikunja.

Tulikuwa bado mezani basi la Mombasa lilipoingia. Akafunga fundo haraka, akalirudisha kifuani, akanyanyua beseni. Siku hizi ni mahindi ya kuchemsha, mayai, njugu, na maji ya chupa, kwa sababu abiria wa basi wanataka vitu visivyomwagika. Aliniachia ndengu nichambue. Nilimwona akipita dirisha hadi dirisha, akigonga kwa kidole pale ambapo kioo kilikuwa kimefungwa, na kioo kikitelezeshwa, akiinua beseni. Kondakta alipiga mbavu za basi mara mbili. Kulikuwa na kijana mmoja dirisha la nyuma aliyekuwa ameshika simu juu, anamrekodi. Mama mdogo alisimama chini yake akisubiri aamue.

"Ya soo au ya finje?" akamuuliza, kwa Sheng hiyo hiyo ya vijana.

Yule kijana akashusha simu, akapapasa mfukoni.